Kahindi wa Sanga, Mlinzi wa Maji ya Bondeni

Marehemu Kahindi Sanga alizaliwa siku ya Alhamisi, Machi 14, 1968, huko Mkongani, Matuga. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa Mzee Sanga Ngala na Mama Kadzo. Mzee Sanga alikuwa ametoka Kaloleni kufuata kazi ya ugema, na hapo Mkongani alipewa minazi thelathini na miwili ya kugema. Marehemu alianza kumsaidia baba yake akiwa na umri wa miaka saba. Kazi yake ilikuwa kupokea vibuyu vinavyoteremshwa na kuvipanga kulingana na uchachu. Mzee Sanga alimfundisha kuugusa mnazi, ile pombe inayogemwa, kwa ncha ya ulimi, kuusikiliza, kisha kuutema mchangani.

"Ukimeza nitajua," baba yake alikuwa akimwambia kutoka juu ya mnazi.

Kufikia umri wa miaka kumi, marehemu aliweza kutofautisha mnazi wa asubuhi, wa adhuhuri na wa jana yake bila kukosea. Hakumeza hata siku moja.

Alisoma katika shule ya msingi ya Mkongani kuanzia mwaka 1976 hadi mwaka 1982, alipomaliza darasa la saba. Mwezi Julai wa mwaka huohuo Mzee Sanga alianguka kutoka juu ya mnazi, akafariki kabla ya kufikishwa barabarani. Watu walisema alikuwa amekunywa, na ilikuwa kweli. Marehemu alikuwa na miaka kumi na minne. Baada ya maziko alimwambia mama yake kwamba yeye hatakunywa. Mama Kadzo alimjibu kwamba hayo ni maneno ya matanga, yatapita. Hayakupita.

Mwaka 1984 alijiunga na chuo cha ufundi mjini Kwale, akasomea kazi ya mabomba kwa miaka miwili. Kuanzia mwaka 1987 alifanya kazi ya kutengeneza mabomba katika hoteli za Diani, na kwa muda mfupi katika hoteli ya kisiwani Chale, ambako alisema maji ya chumvi yalikula bomba kuliko kutu yoyote aliyowahi kuiona.

Mwezi Februari 2011 aliajiriwa na Kiwanda cha Bia cha Mwangaza Kusini, karibu na Mwabungo, kilichokuwa kimejengwa mwaka uliotangulia na ambacho baadaye kilianza kutengeneza pia mvinyo wa maembe. Aliajiriwa kama fundi wa mabomba. Baada ya miezi minane alihamishiwa sehemu ya kusafishia maji taka, kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kwenda huko.

Inafaa kueleza kazi hiyo, kwa kuwa wengi waliomfahamu marehemu hawakuifahamu. Maji yanayotoka kwenye kiwanda cha bia au mvinyo hubeba sukari, hamira na mashapo. Yakiachiwa hivyo yalivyo, hunyonya hewa iliyomo mtoni, samaki wakafa na visima vya karibu vikanuka. Kwa hiyo hupitishwa kwanza katika tangi la kuchanganyia, ambamo ukali wake hutulizwa. Kisha huingia katika tangi la pili, lililofunikwa, ambamo huishi bakteria wanaokula ule uchafu na kutoa gesi. Mwisho hupita katika mabwawa mawili yaliyopandwa matete, ndipo yakateremka bondeni. Gesi ile ilitumika kupikia chai ya wafanyakazi. Bakteria wale marehemu aliwaita wadudu wake. Kila asubuhi, kabla ya kuvua kofia, alikwenda jikoni kuutazama moto. Ukiwa wa buluu na umesimama, wadudu walikuwa wazima.

Marehemu alifunga ndoa na Bi Mbodze Kombe tarehe 9 Aprili 1994, na Mungu aliwajalia watoto watatu: Sanga, Kadzo na Dama. Walijenga nyumba yao karibu na Gazi. Bi Mbodze hajawahi kufika penye tangi la pili, lakini alijua habari zake kila jioni. Shati la mumewe likinuka udongo uliopata mvua, alijua kazi ilikwenda vizuri. Likinuka siki, alimwekea kiti nje.

"Wagonjwa wako leo wamekutapikia," alikuwa akisema, naye marehemu alikula chakula chake barazani bila kubisha.

Kosa kubwa la kazi yake lilitokea Desemba 18, 2013. Hoteli zilikuwa zimeagiza bia nyingi za Krismasi, na mapipa yote ya kiwandani yalioshwa kwa siku moja kwa dawa kali. Maji yale yalipaswa kupumzishwa katika tangi la kwanza kwa siku mbili. Marehemu alikuwa zamuni. Tangi la kwanza lilikuwa linajaa, naye akaifungua vali mapema. Baada ya siku tatu moto wa jikoni ulizimika. Wadudu wote walikuwa wamekufa. Maji yaliteremka bondeni yakiwa meusi, na kisima cha Bi Khamisa, mama wa makamo aliyekaa chini ya kiwanda pamoja na wajukuu zake, kikanuka kwa wiki tisa.

Kwa wiki zote hizo tisa marehemu alimpelekea Bi Khamisa maji safi kwa baiskeli yake, madumu mawili ya lita ishirini kila asubuhi kabla ya kuingia kazini. Bi Khamisa ameieleza familia maneno waliyosemezana siku ya kwanza.

"Shikamoo, Bi Khamisa."

"Marahaba. Mbona umeleta wewe? Kiwanda kina lori."

"Lori halikufungua vali. Vali niliifungua mimi."

"Basi weka hapo kivulini. Na kesho usichelewe, nina futari ya sunna."

Marehemu aliwafufua wadudu kwa samadi ya ng'ombe kutoka zizi la jirani, kidogo kidogo, hadi mwisho wa Februari 2014. Siku moto wa jikoni ulipowaka tena, alikwenda kwa Bi Khamisa, akamwambia kwamba maji ya kisima chake hayatanuka tena wakati yeye yuko kazini. Bi Khamisa alimjibu kwamba amesikia, na kwamba atakuwa akinusa.

Katika kanisa, marehemu alibatizwa mwaka 1992 na kuchaguliwa kuwa mzee wa Kanisa la Chemchemi mwaka 2009. Alitumika kwa miaka kumi na mmoja. Ni lazima wasifu huu ueleze kwa nini hakutumika zaidi, kwa sababu jambo hilo limesemwa sana bila kuelezwa.

Mwishoni mwa Machi 2020, kwa sababu ya korona, hoteli na baa zilifungwa na kiwanda kikasimama. Wafanyakazi walirudishwa nyumbani. Walibaki walinzi wa lango, na marehemu aliachiwa ufunguo wa sehemu yake. Kiwanda kikisimama, hakuna maji taka yanayotoka, na wadudu hawana chakula. Kufikia katikati ya Aprili moto wa jikoni ulikuwa umepungua hadi kimo cha ukucha. Marehemu alijua kwamba wadudu wakifa, siku kiwanda kitakapofunguliwa maji yatateremka bondeni kama yalivyoteremka mwaka 2013.

Mangwe yote ya pwani, vile vilabu vya mnazi, yalikuwa yamefungwa pia. Nyamawi, mgema wa Gazi, alikuwa akigema kila siku ili minazi yake isiharibike, kisha anaumwaga mnazi. Marehemu alimwendea.

"Mzee Kahindi!" Nyamawi alisema. "Wewe na mnazi, wapi na wapi?"

"Si wangu. Nina wagonjwa."

"Wagonjwa wangapi?"

"Hawahesabiki."

Nyamawi alicheka hadi akaketi chini. Lakini alimpa, bure, na akaendelea kumpa kwa zaidi ya miezi mitano. Kila siku asubuhi marehemu alifunga madumu yale yale mawili kwenye baiskeli ile ile, akaenda kilomita tisa hadi kiwandani. Huko aliuchanganya mnazi na maji na chokaa, akawalisha wadudu.

Ugumu ulikuwa kwenye chokaa. Mnazi ukiwa mchachu sana huua wadudu, na chokaa ikizidi huwaua vilevile. Karatasi za kupimia uchachu ziliisha mwezi Aprili, na kwa kuwa watu walikuwa wamezuiwa kuingia na kutoka Kwale, nyingine hazikuletwa. Marehemu alirudi kwenye kipimo alichofundishwa na baba yake. Aliugusa mnazi kwa ncha ya ulimi, akatema, akaamua kama siku hiyo ni vikombe viwili vya chokaa au vitatu. Hakukosea, kama alivyokuwa hakosei Mkongani.

Watu walimwona njiani na madumu. Walimwona akitema. Nguo zake zilinuka mnazi. Kanisa lilipofunguliwa tena, wazee walimwita, siku ya Jumapili, Agosti 16, 2020, baada ya ibada. Mwenyekiti wa kikao alikuwa Mzee Tembo. Bi Mbodze alihudhuria, na haya ndiyo aliyoyasikia.

"Ndugu Kahindi," Mzee Tembo aliuliza, "umeonekana mara nyingi ukiwa na mnazi. Ni kweli?"

"Ni kweli, mwenyekiti."

"Unaupeleka wapi?"

"Kiwandani. Nawalisha wadudu wanaosafisha maji."

Wazee walicheka. Mmoja wao alisema, "Wadudu hao wana bahati. Mangwe yamefungwa, wao wanapelekewa nyumbani kwa baiskeli!"

"Tafadhalini," Mzee Tembo alisema. "Ndugu Kahindi, jibu hili moja tu. Umeuonja?"

"Kila asubuhi. Naonja, natema."

"Kwa hiyo umeuonja."

"Nimeuonja, mwenyekiti. Nikautema."

Bi Mbodze alisimama bila kuitwa. "Jamani, mimi ndiye ninayelala karibu na mdomo wake," alisema. "Nimemnusa huyu miaka ishirini na sita. Angalikunywa ningalijua kabla yenu."

Wazee walicheka tena, naye aliombwa kuketi. Katika kitabu cha kikao iliandikwa hivi: "Ndugu Kahindi Sanga amekiri kuonja mnazi kila asubuhi." Aliombwa apumzike na uzee wa kanisa hadi atakapotubu mbele ya washirika.

Marehemu alijibu kwa utulivu kwamba akitubu jambo hilo atakuwa amesema uongo kanisani. Jumapili iliyofuata alihudhuria ibada kama kawaida, akaketi kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango. Aliketi hapo kwa miaka mitano. Hakuacha kutoa sadaka, hakuhama kanisa, na hakulizungumza jambo hilo tena nyumbani. Siku ya pili baada ya kikao alifunga madumu kwenye baiskeli saa kumi na mbili asubuhi.

Kiwanda kilifunguliwa Jumatatu, Oktoba 5, 2020. Moto wa jikoni ulikuwa wa buluu. Maji yaliteremka bondeni yakiwa safi. Hakuna aliyeona chochote, kwa sababu hakuna kilichotokea.

Marehemu alianza kuugua mwezi Februari 2025. Alichoka upesi, na ile baiskeli aliisukuma badala ya kuipanda. Mwezi Mei macho yake yaligeuka manjano. Alipimwa katika hospitali ya Msambweni, na ikaonekana kwamba ini lake lilikuwa limeharibika kiasi cha kutotibika. Daktari aliiambia familia, na akarudia pale Bi Mbodze alipomwomba arudie, kwamba kilichosababisha ni virusi vya homa ya ini, vilivyokuwa vimekaa katika damu yake kwa miaka mingi, pengine tangu utotoni. Familia inayaandika haya kwa sababu imesikia neno "ini" likisemwa wiki hii uani, kwa sauti ya chini, na imeelewa lilikuwa na maana gani.

Mwezi Septemba alimkabidhi mwenzake, Bwana Luqman, ufunguo wa sehemu ya maji taka pamoja na daftari lake la vipimo la miaka kumi na minne. Luqman alimwuliza kama kuna jambo ambalo halimo daftarini. Marehemu alimwambia aanzie jikoni kila asubuhi.

Mwezi Oktoba, alipolazwa mara ya mwisho, binti yake Dama alimwuliza angependa iandikwe nini kuhusu habari ya kanisani.

"Andika maji," alisema.

"Maji yapi, baba?"

"Ya Bi Khamisa. Kwamba tangu mwaka elfu mbili na kumi na nne hayajanuka."

Dama alimwuliza kama hayo yanatosha. Alisema yanatosha, akaomba dirisha lifunguliwe.

Marehemu alifariki siku ya Jumanne, Novemba 11, 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba. Bi Mbodze alikuwa ametoka kwenda kumtafutia chai. Aliporudi aliiweka juu ya kabati, na ikakaa hapo hadi muuguzi alipoiondoa.

Siku ya Jumatano Bi Khamisa alikuja matangani. Ana miaka sabini na sita sasa, na alikuja na mjukuu wake pamoja na dumu moja la maji. Alimpa pole Bi Mbodze, akaomba kikombe, kisha akaenda moja kwa moja uani walikoketi wazee wa kanisa.

"Nani hapa ni Tembo?" aliuliza.

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kunywa."

Mzee Tembo alikunywa.

"Yakoje?"

"Ni mazuri, mama. Ni baridi."

"Yametoka kwenye kisima changu, chini ya kile kiwanda chenu cha ulevi," Bi Khamisa alisema. "Huo ndio mnazi wa Kahindi. Kunywa tena."

Mzee Tembo alikimaliza kikombe. Hakuna aliyecheka. Bi Khamisa aliwapitishia wazee wengine kikombe kile kile, mmoja baada ya mwingine, hadi dumu likafika nusu, kisha akaomba aondoke kwa kuwa alasiri ilikuwa imekaribia.

Siku ya Alhamisi, saa tisa mchana, Mzee Tembo alirudi peke yake, akiwa na kitabu cha vikao vya kanisa ndani ya mfuko wa plastiki. Alikifungua mezani mbele ya Bi Mbodze, kwenye ukurasa wa Agosti 16, 2020. Alisema kwamba siku ile marehemu alisema maneno mawili, naye aliandika moja. Chini ya mstari ule aliandika kwa mkono wake: "na kuutema." Akatia sahihi na tarehe. Akamwuliza Bi Mbodze kama iko sawa.

Bi Mbodze alisoma taratibu. Kisha akamrudishia kalamu.

"Hapo juu umeandika alionja kila asubuhi," alisema. "Basi na hapa andika alitema kila asubuhi."

Mzee Tembo aliandika. Wino ulikauka, akakifunga kitabu. Marehemu hakuuona mstari huo. Bi Mbodze aliingia ndani, akalitoa kwenye kamba ya nguo shati moja la kazi lililokuwa limeanikwa tangu Septemba, akalinusa, akalikunja.

Marehemu Kahindi Sanga ameacha mjane, Bi Mbodze, watoto watatu, Sanga, Kadzo na Dama, wajukuu wanne, ndugu zake wawili walio hai, na mama yake, Mama Kadzo wa Mkongani, mwenye umri wa miaka tisini na mmoja, ambaye ameombwa na familia abaki kitini wakati wa kuteremsha jeneza. Ameacha baiskeli moja na madumu mawili, ambayo Bi Mbodze ameyapeleka kwa Bi Khamisa.

Leo asubuhi, Jumamosi, Novemba 15, saa kumi na mbili na robo, Bwana Luqman aliingia zamuni, akaanzia jikoni. Ametuma habari kwamba moto ni wa buluu na umesimama. Baba Sanga apumzike kwa amani; zamu yake imepokelewa.